Tii Moja Isiyopatikana: Barua ya Wazi kwa Mawaziri wa Kilimo wa Bungoma na Trans Nzoia

Kibabii, Kaunti ya Bungoma

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Kilimo na Mifugo, Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia,
na kwa wakuu wa vyuo vya ufundi katika kaunti hizi mbili.

Waheshimiwa,



Mimi ni fundi wa mashine za kukamua ng'ombe. Ninaishi hapa Kibabii, na kazi hunitoa asubuhi kwa pikipiki: leo Chwele, kesho Misikhu, keshokutwa Kamukuywa hadi Kiminini na viunga vya Kitale. Ninawaandikia kuhusu kitu kidogo kinachotosha kwenye kiganja cha mtoto, nacho ni kiungio cha mipira ya hewa. Kikivunjika, mashine nzima hulala. Kukipata katika kaunti zetu ni shida kuliko kuipata mashine yenyewe.

Naomba nianze na asubuhi moja.

Ilikuwa msimu wa mvua, saa kumi na moja alfajiri, simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa kijiji jirani ambaye wote tunamwita Mayi. Ana ng'ombe watano wa maziwa, na mashine ndogo ya ndoo moja aliyoinunua baada ya vidole vyake kuanza kuvimba viungo. Aliniambia, "Mwanangu, mashine inapumua vibaya. Njoo kabla ng'ombe hawajafunga."

Mfugaji anajua uzito wa maneno hayo. Ng'ombe akishaoshwa kiwele na kuguswa chuchu, mwili wake huteremsha maziwa, na mteremko huo ni wa dakika chache tu. Dakika hizo zikipita, maziwa yaliyobaki hubaki ndani. Nilipofika, vikombe viwili vilikuwa vimeanguka kwenye samadi, navyo vinafyonza majani. Sindano ya geji, ambayo kwenye mashine ile husimama karibu na kilopaskali 48, ilikuwa inatetemeka kwenye 30. Mayi alikuwa amekwisha kuchuchumaa kando ya ng'ombe wa tatu, anakamua kwa mikono ile ile aliyotaka kuipumzisha kwa kununua mashine.

Nilizima taa ya simu nikasikiliza. Ukitaka kumshika mwizi wa hewa, sikio lako ni bora kuliko jicho. Mlio mwembamba ulikuwa unatoka pale mpira wa pampu unapogawanyika, tawi moja likienda kwenye ndoo na jingine kwenye geji. Palikuwa na kiungio cha plastiki cha njia tatu, kile mafundi tunachokiita tii. Kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nilikata utepe wa tyubu ya baisikeli, nikauzungusha mara nane huku nikiuvuta, nikafunga kwa waya. Sindano ikapanda hadi 44. Tukamaliza kukamua.

Utepe ule ulikuwa bandeji ya siku moja, nami nilikuwa na hakika kwamba kufikia jioni nitakuwa na tii mpya. Nilikosea. Ilinichukua siku kumi na tisa.

Nilianza Bungoma mjini, agroveti moja baada ya nyingine, kisha Kanduyi, kisha Webuye. Wiki iliyofuata nikapanda Kitale. Kote jibu lilikuwa moja: mashine nzima ipo, seti nzima ya vikombe ipo, kipande hicho peke yake hakiuzwi. Muuzaji mmoja alinionyesha tii niliyoitaka, mpya, ndani ya boksi la mashine ambayo haijafunguliwa. Alisikitika kwa dhati. Alisema akiitoa hiyo, mashine ile haitanunuliwa na mtu.

Nikageukia maduka ya vifaa vya ujenzi, na hapo nikakutana na balaa la vipimo. Paipu ya chuma ambayo fundi wa maji huiita nusu inchi, ukiipima kwa nje ina milimita 21.3. Jina lake halikwambii ukubwa wake. Nikajaribu tii ya umwagiliaji wa matone iliyoandikwa 16, nikafurahi, kwa kuwa mpira wangu nao ni 16. Nilipoitia ndani ilicheza kama kidole kwenye mdomo wa chupa. Ile 16 ya umwagiliaji ni kipimo cha nje cha paipu yake, na 16 ya mpira wangu ni kipimo cha ndani. Namba zile zinafanana kwenye karatasi, na mkononi hazikutani kamwe. Zaidi ya hapo, kuna mashine zilizoundwa kwa inchi na nyingine kwa milimita. Tano kwa nane ya inchi ni milimita 15.9, ukaribu unaomdanganya mtu hadi pampu iwashwe.

Huenda mtauliza, Waheshimiwa, kwa nini ufa wa unywele uwe jambo la kuandikiwa waziri. Naomba nieleze mashine hii inavyofanya kazi, kwa sababu ubaya wa ufa ule umo katika mpango wake.

Mashine ya kukamua huishi kwa kufyonza. Pampu hutoa hewa ndani ya mipira hadi geji isome kati ya kilopaskali 42 na 50 hivi. Kila chuchu huingia katika kikombe chenye nyumba mbili: ndani kuna mpira laini unaoikumbatia chuchu, nje kuna gamba gumu. Katikati ya mpira na gamba, kifaa tunachokiita palseta hufyonza hewa, kisha huiachia hewa ya nje iingie, kama mara 60 kwa dakika. Hewa ikifyonzwa, mpira hufunguka na maziwa hutoka. Hewa ikiingia, mpira hujifunga na kuikanda chuchu, damu irudi mahali pake. Mashine za mwanzo za kufyonza hazikuwa na pumziko hilo. Zilifyonza bila kukoma na kuziumiza chuchu. Kikombe cha nyumba mbili chenye palseta, ambacho Alexander Gillies alikifanyia kazi huko Australia mnamo 1903, ndicho kilichomfanya ng'ombe aivumilie mashine.

Sasa tia ufa katika mpango huo. Hewa inayoingia pasipo mahali pake huuyumbisha ufyonzaji. Vikombe huteleza, na kila kikiteleza hewa huingia kwa kishindo na kuyarusha matone ya maziwa nyuma, hadi kwenye ncha ya chuchu. Matone hayo yakiwa na vijidudu kutoka kwa ng'ombe mmoja, huingia katika kiwele cha mwingine. Mpira wa palseta nao ukipasuka, mpira laini wa kikombe haufunguki na kujifunga vizuri, chuchu haikandwi ipasavyo, nayo inaweza kuvimba na kuwa ngumu. Mwisho wa njia zote mbili ni ugonjwa wa kiwele. Mfugaji ananunua dawa, maziwa ya siku za dawa yanamwagwa kama kibandiko cha chupa kinavyoagiza, na robo moja ya kiwele inaweza kufa isitoe maziwa tena maisha yote ya ng'ombe. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi nimeiona tende hiyo, kwenye kiwele.

Nimeona pia tunavyojitibu wenyewe, nami nimo miongoni mwa waliofanya hivyo. Mfugaji akikosa kiungio hutumia cha gesi, cha bomba la kunyunyizia dawa, au kipande cha mrija wa bustani. Upande wa hewa, hilo ni tatizo la uvujaji nililokwisha kulieleza. Upande wa maziwa ni tatizo la afya ya watu pia. Shaba na shaba nyeupe zikigusana na maziwa huyaharibu mafuta yake na kuyapa ladha mbaya. Plastiki isiyotengenezwa kwa chakula haikuundwa kuvumilia maji ya moto na sabuni kali inayosafisha mabaki ya maziwa. Na mrija uliowahi kupitisha dawa ya kupe hauna ruhusa kukaribia ndoo ya maziwa, hata ukioshwa mara mia. Mfugaji hafanyi hivyo kwa uzembe. Ng'ombe wanasubiri, na dukani ameambiwa kipande hakiuzwi.

Katika siku zile kumi na tisa, usiku nilikuwa nikisoma kila nilichokipata kuhusu mashine zinazotumia ufyonzaji. Hapo nikajifunza habari za piano zinazojipiga zenyewe. Nazileta kwenu kwa sababu zina jibu tunalolihitaji hapa.

Mnamo 1895, mjini Detroit, Edwin Votey aliunda kifaa cha kupiga piano kwa nguvu ya hewa, na kikaja kujulikana kwa jina Pianola. Mtu hukanyaga pedali, mivukuto inafyonza hewa, na karatasi yenye matundu inapita juu ya mwamba wa shaba wenye vitundu. Kila kitundu kina mrija wake mwembamba. Tundu la karatasi likikutana na kitundu cha mwamba, hewa huingia kwenye mrija, valvu huinuka, na mvukuto mdogo hujikunja na kuisukuma nyundo ya noti hiyo. Ni ndugu kabisa wa palseta yangu: huku hewa, huku ufyonzaji, kwa zamu. Piano yenye noti 88 ina mirija 88, na zaidi. Mrija mmoja ukichomoka, noti moja inakuwa bubu.

Mwanzoni kila kiwanda kilikuwa na karatasi zake. Mwaka 1908 watengenezaji walikutana Buffalo, Marekani, wakakubaliana vipimo: karatasi ya upana wa inchi 11 na robo, vitundu 9 katika kila inchi. Tangu hapo aliyenunua piano ya kiwanda kimoja aliweza kupiga karatasi ya kiwanda kingine. Mapema miaka ya 1920 zaidi ya nusu ya piano zilizoundwa Marekani zilikuwa za aina hii. Kisha redio na gramafoni zikaingia majumbani, uchumi ukaanguka mwaka 1929, na viwanda karibu vyote vikafungwa. Vipuri vikakoma.

Hata hivyo, piano nyingi kati ya hizo zinapiga hadi leo. Zimehifadhiwa na watu waliokaa chini wakapima. Walipima unene wa mirija, upana wa elbo na tii, urefu wa kila nipo, yaani kiungio kifupi kilichonyooka. Wakachora, wakakereza upya, wakafundishana. Wapo mafundi wanaoishi kwa kuunda vipande vya mashine ambazo wenye viwanda vyake walizikwa zamani. Kilichoziokoa piano hizo ni karatasi yenye vipimo sahihi, na fundi wa kukereza aliyekuwa karibu.

Mimi nilipata fundi wangu siku ya kumi na tisa, Kitale, katika safu ya mabanda ya jua kali. Ni kijana mwenye leithi kuukuu, ile mashine ya kukereza. Nilimpa tii iliyopasuka na kipande cha mpira. Alitoa kalipa yake, akapima, akaandika namba tano kwa chaki kwenye mlango wa banda. Akachukua kipande cha nailoni nyeupe. Akatoboa mhimili, akakereza meno matatu ya kushika mpira kila upande, akakata nyuzi za skrubu kwa ajili ya tawi la katikati, akalifunga. Kazi nzima haikufika saa mbili. Nilimuuliza kwa nini hatengenezi nyingi akaziweka. Akanijibu, "Mzee, hakuna aliyewahi kuniletea kipimo. Watu huja kitu kikiwa kimepotea, wanaonyesha kwa vidole."

Tii ile iko kwa Mayi mpaka leo. Geji inasimama 48.

Waheshimiwa, jibu la kijana yule ndilo kiini cha barua yangu. Kaunti hizi mbili hazina upungufu wa mikono wala wa leithi. Tunacho Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kitale. Tunavyo vyuo vya ufundi vya Sang'alo na Kisiwa. Hapa Kibabii tuna chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2015. Tuna vijana wanaokereza vyuma vya mazoezi, wanapewa alama, kisha vyuma vile vinatupwa kwenye pipa la chakavu. Upande wa pili wa ua, mfugaji amekosa tii. Kinachokosekana kati yao ni kipimo kilichoandikwa, na mtu mwenye mamlaka wa kusema kazi ianze.

Na sehemu ya mamlaka hayo ni yenu, Waheshimiwa Mawaziri. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti ufugaji, na imeipa pia vyuo vya ufundi vya vijijini. Ng'ombe wako mkononi mwenu, na karakana ndogo ziko mkononi mwenu. Kwa hiyo naomba mambo manne, yote ya gharama ndogo.

Kwanza, daftari la vipimo. Wahadhiri na wanafunzi wa uhandisi wapite kwa wafugaji na vyama vya ushirika, wapime viungio vya mashine zote zinazotumika kwetu: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje, urefu wa meno, na upande gani ni wa hewa na upi ni wa maziwa. Kila kiungio kichorwe na kipewe namba. Daftari liwekwe wazi, mtu yeyote alione bure, kwa Kiswahili. Kazi hii inatosha kuwa mradi wa muhula mmoja. Chuo Kikuu cha Kibabii kina watu wa kompyuta wa kuliweka daftari hilo kwenye simu ya kila fundi.

Pili, vipande hivyo vitengenezwe. Mwanafunzi afanyie mtihani wake kwenye tii, elbo na nipo zitakazouzwa. Vya upande wa hewa vinaweza kuwa vya nailoni. Vya upande wa maziwa viwe vya chuma kisichoshika kutu au plastiki iliyoidhinishwa kwa chakula, na mhadhiri atie sahihi kabla havijatoka. Viwekwe mahali ambapo mfugaji tayari hufika kila siku, yaani kwenye vituo vya kukusanyia maziwa, kando ya mizani.

Tatu, masharti ya ununuzi. Kila mara fedha za umma zinaponunulia kikundi mashine ya kukamua, mkataba udai vitu vitatu: seti ya viungio vya akiba, mchoro wenye vipimo, na ahadi ya muuzaji kuuza kipande kimoja kimoja. Asiyekubali asipewe zabuni. Nimeingia kwenye vibanda vya vikundi nikakuta mashine nzuri zimefunikwa magunia, kuku wametaga juu yake. Nilipozifungua, pampu zilikuwa nzima, ndoo nzima, palseta nzima. Kilichokufa ni mpira au kiungio. Wenye kikundi walikuwa wakiona aibu, wakidhani wao ndio walioshindwa na mashine.

Pamoja na hilo, maofisa wenu wa mifugo wafundishe hesabu ya mpira wa kikombe. Mpira wa kawaida hustahili kubadilishwa baada ya kukamua mara 2,500 hivi. Mwenye ng'ombe watano na seti moja, akikamua asubuhi na jioni, hufikisha hesabu hiyo kwa siku 250, kama miezi minane. Wengi niliowakuta wana mipira ya miaka mitatu, imelainika kwa mafuta ya maziwa na kupasuka kwa jua. Hawakuambiwa hilo siku waliyokabidhiwa mashine.

Nne, mlango wa karakana. Siku moja kwa wiki, karakana za vyuo ziwe wazi kwa mafundi wa nje. Tuje na vipande vyetu, tukutane na leithi na mwalimu. Wengi wetu tulijifunzia zizini na hatuna cheti. Taifa tayari lina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Mafundi wa mashine za maziwa waingizwe humo, wapimwe, waliofaulu wapewe karatasi yao, ili mfugaji ajue nani anastahili kugusa upande wa maziwa.

Nimewahi kuambiwa kwamba soko la viungio ni dogo mno, na kwamba kiwanda hakiwezi kuishi kwa tii. Nakubali. Kwa sababu hiyo hiyo siombi kiwanda. Naomba rafu moja, daftari moja na leithi ambazo zimekwisha kununuliwa. Mtengenezaji wa litungu, ala yetu ya muziki, huwa na mbao, ngozi na nyuzi zake saba karibu. Uzi ukikatika usiku wa sherehe hufunga mwingine na ngoma ikaendelea. Nataka fundi wa maziwa naye afike mahali hapo.

Nina kopo la mafuta ya kupikia ya Kimbo chini ya kitanda changu. Ndani yake nimekusanya viungio vilivyokufa vya miaka kumi na mmoja: tii, elbo, nipo, klipu, vichwa vya palseta. Kila kimoja nimekifunga karatasi yenye jina la kijiji na tarehe niliyokitoa. Watu wa nyumbani kwangu wamenisihi mara nyingi nikitupe. Nimekataa, kwa kuwa kila kipande mle ni asubuhi moja ya mtu aliyerudi kukamua kwa mikono.

Siku mtakayotangaza kwamba karakana imefunguliwa, iwe Sang'alo, iwe Kisiwa, iwe Kitale au hapa Kibabii, nitalileta kopo hilo asubuhi na mapema, nilimwage juu ya meza ya mwalimu, na tuanze kupima.

Wenu katika kazi,

Fundi wa mashine za maziwa,
Kibabii